Mkono wa Nani? Kasi ya Nuru na Namba Zisizobadilika za Maumbile

Wazee wetu, shikamooni. Walimu wenzangu, akina mama na akina baba mliotoka sokoni na ufukweni kuja kunisikiliza, nanyi wanafunzi ambao nadhani baadhi yenu mmeletwa hapa kwa amri ya mwalimu wa zamu, nawasalimu nyote na kuwashukuru.

Nimeombwa nizungumzie kasi ya nuru na zile namba za maumbile ambazo katika vitabu vya fizikia huitwa konstanti. Nitaanza na swali ambalo mwanafunzi mmoja aliniuliza miaka mingi iliyopita, nilipokuwa bado nashika chaki, na ambalo siku ile nililijibu vibaya. Nilikuwa nimeandika ubaoni kwamba nuru, ikiwa katika ombwe, yaani mahali pasipo na hewa wala kitu chochote, husafiri mita 299,792,458 kwa sekunde moja. Kijana akanyoosha mkono akasema: "Mwalimu, kila kitu tunachopima maabara kina desimali na kina makosa yake ya upimaji. Hii imekuwaje ikatoka kamili?" Nikamjibu kwamba wataalamu wa Ulaya wana vyombo vizuri kuliko vyetu. Akakaa, darasa likaendelea. Jibu lile halikuwa kweli, na nililijua hivyo jioni ileile nilipofungua vitabu vyangu nyumbani. Mazungumzo ya leo ndiyo jibu nililopaswa kumpa.

Mji wetu unafaa kuliko mingi kulizungumzia jambo hili, kwa kuwa Bagamoyo iliishi kwa vipimo. Pembe za ndovu zilizoshushwa hapa kutoka bara zilipimwa kwa frasila, na frasila moja ilikuwa ratili 35, yaani karibu kilo 16. Nafaka ilipimwa kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja. Kitambaa cha merikani kilipimwa kwa mkono, tangu kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati; mikono minne ikawa shuka, na shuka mbili zikawa doti, neno ambalo kila anayenunua kanga bado analitamka ingawa hakuna tena anayelaza kiwiko chake juu ya meza ya duka. Bibi yangu alinisimulia kwamba zama za usichana wake mama yake hakuwa akienda kununua kitambaa peke yake. Alikwenda na kaka yake, mtu mrefu kuliko wote katika ukoo, ili kitambaa kipimwe kwa mkono wa yule kaka; naye mwenye duka, akiwaona wanakuja, alimwita kijana wake mfupi aliyewekwa kwa kazi hiyohiyo. Bei ilikubaliwa upesi. Kilichochukua muda ni kukubaliana mkono wa nani utatumika.

Naomba tuushike mfano huu, kwa sababu tutaurudia. Kitambaa kilichokuwa juu ya meza kilikuwa kilekile. Mkono mrefu ukikipima unasema mikono saba, mkono mfupi unasema minane. Kila namba inayotokana na upimaji ina vitu viwili ndani yake, yaani kitu kinachopimwa na mkono unaokipima, na mtu anayetaka kujua habari za kitambaa lazima kwanza aulize habari za mkono.

Sasa turudi kwenye nuru. Galileo, katika kitabu alichokichapisha mwaka 1638, alieleza jaribio la watu wawili wenye taa wanaosimama mbalimbali usiku: wa kwanza anafunua taa yake, wa pili akiiona anafunua ya kwake, na wa kwanza anakadiria muda uliopita. Wavuvi wa dagaa mnaotoka na karabai mnaweza kulifanya jaribio hilo usiku wa leo, na mtapata alichokipata yeye, ambacho ni kutotambua muda wowote. Hata mmoja wenu akisimama hapa na mwenzake akasimama Unguja, ng'ambo ya bahari kwa umbali unaozidi kidogo kilomita 40, tukiacha shida ya mviringo wa dunia, nuru itakwenda na kurudi kwa muda usiofika sehemu moja ya elfu tatu ya sekunde, wakati kupepesa jicho peke yake huchukua sehemu moja ya kumi ya sekunde au zaidi. Mkono unaofunua taa ni mzito mno kwa kazi hiyo. Galileo alikiri hivyo, akasema kwamba kama nuru haifiki papo hapo, basi kasi yake ni ya ajabu.

Aliyefaulu kwanza hakutumia mkono wala taa. Alikuwa Mdenmaki aitwaye Ole Rømer, aliyefanya kazi katika kituo cha kuangalia nyota mjini Paris. Sayari ya Mshtarii ina mwezi uitwao Io, ambao huizunguka kila baada ya saa 42 na nusu hivi, na katika kila mzunguko huingia katika kivuli cha sayari hiyo na kutoka tena. Ni saa iliyotundikwa mbinguni. Lakini Rømer na wenzake waliona kwamba saa hiyo huchelewa katika miezi ambayo dunia yetu inajitenga na Mshtarii, na huwahi katika miezi ambayo dunia inaikaribia.

Nisaidieni kufikiri kwa mfano wa hapa nyumbani. Msafara umeondoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na mkuu wake ameahidi kumtuma tarishi mmoja kurudi pwani kila baada ya siku mbili, bila kukosa hata mara moja. Matarishi wote wana mbio zilezile. Tajiri aliyebaki hapa, akiandika siku za kuwasili kwao, ataona kwamba msafara unapozidi kwenda bara wanamfikia kwa nafasi ya siku mbili na ushei, kwa kuwa kila mmoja ana njia ndefu kuliko aliyemtangulia. Na msafara unaporudi, wanawasili wakifuatana kwa karibu zaidi. Tajiri mwenye pupa atawakaripia matarishi. Tajiri mwenye hesabu atatambua kwamba ule ushei unamwambia kasi ya tarishi, mradi ajue msafara umesogea umbali gani. Rømer alikuwa tajiri wa namna hii ya pili. Mwezi wa Septemba 1676 alitangaza kwamba tukio la Io la tarehe 9 Novemba lingechelewa kwa dakika 10, na likachelewa. Alikadiria kwamba nuru huhitaji dakika 22 kuukata mzunguko wa dunia kutoka upande mmoja hadi wa pili. Leo tunajua ni dakika 16 na sekunde 40 hivi. Christiaan Huygens akaichukua hesabu hiyo, na kwa vipimo vya sasa ilitoka takriban kilomita 220,000 kwa sekunde. Walikosea kwa zaidi ya robo, lakini siku zote nimewaona kuwa ndio waliofanya kazi ngumu kuliko wote waliofuata, kwa sababu kabla yao watu wengi wenye elimu waliamini kwamba nuru haina safari kabisa.

Baada ya hapo kazi ikawa ya kupunguza makosa. Mwaka 1849 Mfaransa Hippolyte Fizeau alipitisha miali katikati ya meno 720 ya gurudumu linalozunguka, ikaenda hadi kwenye kioo kilichokuwa umbali wa mita 8,633 na kurudi. Gurudumu lilipofika mizunguko 12.6 kwa sekunde, nuru iliyotoka kwenye pengo ilirudi ikakuta jino limeziba njia, na hesabu ikatoa takriban kilomita 313,000 kwa sekunde. Léon Foucault, kwa kioo kinachozunguka, alifika 298,000 mwaka 1862. Albert Michelson, Mmarekani, aliifanya kuwa kazi ya maisha yake, na miaka ya 1920 alikuwa akirusha nuru kati ya vilele viwili vya milima ya California vilivyoachana kwa kilomita 35, akapata 299,796.

Wakati hao wakihangaika na vioo, namba hiyohiyo ilijitokeza mahali ambapo hakuna aliyeitafuta, na hapa naomba nikae kidogo. Mwaka 1856 Wajerumani wawili, Wilhelm Weber na Rudolf Kohlrausch, walikuwa wakilinganisha namna mbili za kupima umeme: namna ya kwanza kwa kani ya chaji zilizotulia, na namna ya pili kwa kani ya nyaya zenye mkondo, ambayo ni kani ya sumaku. Walichotaka ni uwiano wa vipimo hivyo viwili, kama vile mtu anavyotaka kujua vibaba vingapi vinajaza pishi. Uwiano ukatoka kwa sura ya kasi, takriban kilomita 310,740 kwa sekunde. Hakuna aliyewasha taa katika jaribio lile. Miaka michache baadaye James Clerk Maxwell, mtu wa Scotland, akiwa na milinganyo yake ya umeme na sumaku, alikokotoa kwamba mtikisiko wa umeme na sumaku ungesafiri kwa kasi hiyohiyo, akailinganisha na ya Fizeau, akaona kwamba hazitofautiani kwa kiasi cha kumtia mtu shaka. Akahitimisha kwamba nuru ni wimbi la umeme na sumaku. Kuanzia siku hiyo kasi ya nuru iliacha kuwa habari ya taa na jua tu. Ikawa namba iliyofumwa ndani ya umeme wenyewe, na mawimbi ya redio yanayoleta matangazo ya mpira majumbani mwenu yanaitii kama inavyotiiwa na mbalamwezi.

Lakini milinganyo ya Maxwell ilikuwa na jambo moja lililowasumbua watu. Ilitaja kasi bila kusema ni kasi kwa kulinganisha na nini. Ngalawa ina kasi yake juu ya maji, na ukiwa ufukweni unaongeza au kupunguza mkondo wa maji. Sauti ya ngoma ina kasi yake ndani ya hewa, na upepo huibeba. Nuru hubebwa na nini? Michelson na Edward Morley, mjini Cleveland mwaka 1887, walijaribu kuupima ule "mkondo" kwa kulinganisha miali miwili iliyokwenda pande mbili tofauti, wakijua kwamba dunia hukimbia kilomita 30 kwa sekunde kulizunguka jua na kwa hiyo lazima mwali mmoja ucheleweshwe. Hawakuona tofauti waliyoitarajia. Mwaka 1905 Albert Einstein aliliacha swali la kibebaji, akachukua kwamba kasi ya nuru ni ileile kwa kila mpimaji anayekwenda mwendo usiobadilika, awe amesimama gatini au yumo katika chombo kinachokimbia, na akakubali gharama yake: kwamba saa na rula za wapimaji hao wawili hazitakubaliana.

Wengi husikia habari hiyo wakadhani ni ya mbali. Wavuvi mnaotumia simu au kifaa cha setilaiti kurudia mwamba wenye samaki mnaitegemea kila siku. Setilaiti hizo ziko juu kiasi cha kilomita 20,200, na kila moja hutangaza saa yake. Kifaa chenu hupima mawimbi yamechelewa kiasi gani na kuzidisha kwa kasi ya nuru ili kupata umbali. Kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde ni kosa la mita 300, yaani mtashusha nanga mahali pasipo na mwamba. Saa zilizo kule juu, kwa sababu ya mwendo wao na kwa sababu ya udhaifu wa mvutano wa dunia katika kimo kile, hutangulia saa zetu kwa takriban sehemu 38 za milioni ya sekunde kila siku. Zisingerekebishwa, makosa ya umbali yangelimbikizana kwa zaidi ya kilomita 10 kila siku, na nadhani mngezirudia alama za milima na minazi ambazo baba zenu walizitumia.

Sasa nafika kwenye swali la yule kijana. Ikiwa kila mpimaji alipata namba yenye makosa, ukamilifu ulitoka wapi?

Ulitoka kwenye mkono. Wafaransa, baada ya mapinduzi yao, walichoshwa na mambo ya mkono wa nani, kwa kuwa kwao karibu kila wilaya ilikuwa na vipimo vyake. Mwaka 1791 walikata shauri kwamba mita itakuwa sehemu moja ya milioni kumi ya umbali kutoka ncha ya kaskazini hadi ikweta. Jean-Baptiste Delambre na Pierre Méchain walianza mwaka 1792 kupima mstari wa Dunkirk hadi Barcelona, kazi iliyowachukua takriban miaka saba, tena katikati ya vita na kukamatwa kama wapelelezi. Walipunguza kidogo: mita yao ilitoka fupi kwa sehemu moja ya tano ya milimita. Hata hivyo ikakubaliwa, ikachongwa katika platinamu. Kwa hiyo mkisikia kwamba mzingo wa dunia ni karibu kilomita 40,000, msistaajabie uduara wa namba hiyo, kwani uliwekwa na watu. Sekunde nayo ilitokana na siku, ambayo ni saa 24 zenye sekunde 3,600 kila moja. Basi tazameni ile namba 299,792,458 ina nini ndani yake. Ina ukubwa wa sayari moja, ina mwendo wa sayari hiyohiyo kujizungusha, na ina desturi ya watu wa kale ya kugawa kwa 60. Laiti tungeishi Mirihi, mita yetu ingekuwa fupi, sekunde yetu ingekuwa ndefu kidogo, na namba ingekuwa nyingine, huku nuru ikienda vilevile.

Mita ya platinamu ilikuwa na shida ya kila kitu kinachoshikika: hupanuka kwa joto, huchubuka, na yenyewe iko mahali pamoja. Mwaka 1960 ikaachwa, na mita ikahesabiwa kwa mawimbi 1,650,763.73 ya nuru ya rangi fulani itokayo kwenye atomu za kriptoni. Mwaka 1967 sekunde nayo ikaondolewa kwenye mzunguko wa dunia, ambao hauna uaminifu wa kutosha, ikakabidhiwa atomu ya sesiamu: mitikisiko 9,192,631,770. Kisha, mwaka 1972, kikundi cha Kenneth Evenson huko Boulder, Colorado, kilipima kasi ya nuru kwa leza kikapata mita 299,792,456.2 kwa sekunde, na kosa la mita 1.1 tu juu au chini. Hapo mambo yakageuka. Shaka iliyobaki ilitokana hasa na mkono, yaani mita ya kriptoni, ambayo mipaka yake ilikuwa na ukungu. Kitambaa kilikuwa kimejulikana vizuri kuliko mkono unaokipima.

Walichofanya mwaka 1983 ndicho ambacho mama yake bibi yangu angekifanya kama angegundua kwamba kuna kitambaa kisichonyumbuka, kisichokatika, na kinachopatikana sawasawa katika kila duka la ulimwengu: angekifanya kitambaa chenyewe kuwa kipimo, na mikono ya watu ikapimwa kwacho. Mita ikatangazwa kuwa umbali ambao nuru husafiri katika ombwe kwa sehemu 1/299,792,458 ya sekunde. Namba ilichaguliwa hivyo ili mita mpya isitofautiane na ya zamani. Tangu hapo hakuna anayeweza kupima kasi ya nuru kwa mita kwa sekunde. Akijaribu, atakuwa anaisahihisha rula yake. Kijana aliuliza mbona hakuna desimali. Hazipo kwa sababu tulizifuta wenyewe, kwa makubaliano.

Kilo ilichelewa kufuata njia hiyo. Tangu 1889 ilikuwa kipande cha mviringo cha platinamu na iridiamu, kilichofungiwa karibu na Paris, katika mji wa Sèvres, chini ya vifuniko vya kioo. Kila mzani wa soko hapa nchini, ule wa Wakala wa Vipimo anaokuja nao mkaguzi na ule wa mwuza sukari, ulikuwa na nasaba inayoishia kwenye kipande hicho. Kilipolinganishwa na nakala zake, ilionekana kwamba katika miaka mia moja hivi walikuwa wameachana kwa takriban sehemu 50 za milioni ya gramu. Nani amenenepa na nani amekonda, hakuna aliyeweza kusema. Kwa sheria ya wakati ule, kipande cha Sèvres hakikuweza kukosea, kwa hiyo vumbi likikitua, ulimwengu wote ndio uliokuwa mwepesi. Mwenye kununua mazao kwa lumbesa analielewa jambo hili bila mwalimu: anayeshika kipimo ndiye anayeamua gunia ni nini. Novemba 2018, mataifa yalipokutana Versailles, yalikubali kukistaafisha kipande hicho, na kuanzia tarehe 20 Mei 2019 kilo imetokana na konstanti ya Max Planck, namba inayounganisha nishati ya nuru na kasi ya mitikisiko yake, ambayo sasa imewekwa kuwa 6.62607015 mara 10 kwa kipeo hasi 34, bila shaka yoyote ya desimali, kama ilivyowekwa kasi ya nuru. Maabara yoyote yenye uwezo, iwe Paris au Dar es Salaam, inaweza kuitengeneza kilo yake bila kuomba funguo za kabati la mtu.

Mtaniuliza sasa: kama namba hizi tumeziandika wenyewe, je, maumbile yenyewe hayana namba? Yanazo, na hizo ndizo hasa ningependa mwondoke nazo. Ni namba ambazo mkono wa mpimaji umekatwa juu na chini ukaondoka. Pimeni protoni kwa kilo, kwa ratili au kwa frasila, kisha pimeni elektroni kwa kipimo kilekile, mgawanye: jibu ni 1,836.15 na kuendelea, kwa tajiri wa Bagamoyo na kwa mpimaji wa Mirihi. Nyingine ni ile ambayo Arnold Sommerfeld aliitambulisha mwaka 1916. Hupatikana kwa kuchanganya chaji ya elektroni, konstanti ya Planck na kasi ya nuru kwa namna ambayo vipimo vyote vinafutana, na hubaki namba tupu, takriban 1 kugawanywa kwa 137.036. Inapima ukali wa umeme. Katika picha rahisi ya atomu ya hidrojeni, elektroni huizunguka protoni kwa kasi ambayo ni sehemu 1/137 ya kasi ya nuru.

Mama aliyeketi mbele hapa amevaa bangili za dhahabu, na bangili hizo ni ushahidi. Atomu ya dhahabu ina protoni 79, na kwa makadirio ya haraka elektroni zake za ndani kabisa huenda kwa 79/137 ya kasi ya nuru, zaidi ya nusu. Kwa kasi hiyo hesabu za Einstein haziwezi kupuuzwa: njia za baadhi ya elektroni husinyaa, nafasi za nishati husogea, na metali huanza kumeza nuru ya buluu na kurudisha ya manjano. Kwa hesabu zisizo na Einstein dhahabu ingeng'aa nyeupe kama fedha. Kama 137 ingekuwa namba nyingine, sonara angekuwa na bidhaa nyingine mezani.

Kwa nini ni 137.036? Hakuna nadharia iliyoipata namba hiyo kwa hesabu, tunaipima tu. Tunachoweza kuuliza ni kama imekuwa hivyo siku zote. Hapa ndipo ninapowasihi wanafunzi wawe waangalifu na maneno. Mtu akiwaambia kwamba kasi ya nuru ilikuwa kubwa zamani, mwulizeni: kwa mkono wa nani? Kama rula na saa zake zimetengenezwa kwa atomu, na atomu zimebadilika pamoja na nuru, hataona lolote. Swali lenye maana ni kama namba tupu zimebadilika, na swali hilo lilijibiwa kwa sehemu na mawe ya bara letu.

Mwaka 1972, katika kiwanda cha Ufaransa cha kushughulikia uraniamu, mafundi waliona kwamba madini yaliyotoka Oklo, Gabon, yana upungufu. Katika uraniamu ya kawaida, aina yenye uzito wa 235 huwa asilimia 0.720, katika sampuli ile ilikuwa 0.717. Upungufu mdogo, lakini uraniamu ni kitu ambacho gramu zake huhesabiwa na serikali. Uchunguzi ukaonyesha kwamba karibu miaka bilioni 2 iliyopita, wakati aina ile ya 235 ilikuwa zaidi ya asilimia 3, maji yalipenya katika miamba ya Oklo na kuanzisha tanuri la nyuklia lisilo na mhandisi, likawaka na kuzimika kwa mamia ya maelfu ya miaka. Majivu yake bado yapo. Miongoni mwake kuna samariamu, ambayo aina yake ya 149 hunasa nyutroni, chembe za atomu zisizo na chaji, kwa pupa kubwa kwa sababu ya sadfa ya nishati iliyo nyembamba sana, yaani nishati ya nyutroni hulingana karibu barabara na ile inayotakiwa na kiini chake. Kama ukali wa umeme ungekuwa tofauti hata kidogo enzi hizo, sadfa hiyo isingekuwapo, na samariamu 149 isingeliwa namna ile. Mwaka 1976 Mrusi Alexander Shlyakhter aliisoma hesabu hiyo katika majivu, na waliomfuata wakaisafisha: katika miaka hiyo bilioni 2, namba ya 137 haikusogea hata kwa sehemu chache katika milioni 10. Paul Dirac alikuwa amedokeza mwaka 1937 kwamba konstanti ya mvutano huenda inapungua kadiri ulimwengu unavyozeeka. Kwa upande wa umeme, walau, mawe ya Gabon hayaonyeshi mabadiliko yoyote.

Kuhusu mvutano wenyewe nitasema machache, maana unatuaibisha. Henry Cavendish aliupima mwaka 1798 kwa mipira ya risasi na waya wa kujipinda, na baada ya zaidi ya karne mbili konstanti yake inajulikana kwa tarakimu nne au tano tu, huku maabara nzuri zikipishana. Namba ya Sommerfeld tunaijua kwa zaidi ya tarakimu tisa. Kasi ambayo mvutano husafiri nayo, hata hivyo, imejulikana vizuri kwa bahati: tarehe 17 Agosti 2017 yalipokelewa mawimbi ya mvutano kutoka kwa nyota mbili za nyutroni zilizogongana katika galaksi iliyo mbali kiasi cha miaka-nuru milioni 130, na mwako wa miali ya gama ukafika sekunde 1.7 baadaye. Wasafiri wawili wameondoka karibu pamoja, wamekwenda miaka milioni 130, wakapishana mlangoni kwa sekunde mbili pungufu. Ile inayoitwa kasi ya nuru ni kasi ya mvutano pia, na jina la nuru tumeipa kwa kuwa nuru ndiyo tuliyoiona kwanza.

Darubini imeshawekwa ufukweni, na mbingu imetakata. Mshtarii imepanda vya kutosha juu ya minazi, nanyi mtaona pembeni yake vidoa vidogo vya nuru vilivyojipanga mstari. Kilicho karibu zaidi na sayari huenda ndicho Io, ingawa hubadilishana nafasi usiku hadi usiku. Mtakachokiona kimeondoka kule zaidi ya nusu saa iliyopita, kabla sijafika kwa Rømer. Wazee watangulie, wanafunzi wapange foleni, na tafadhali mtu asiishike darubini kwa mkono, maana ikitikisika kidogo tu, Mshtarii yote inatoka nje ya kioo na tutaanza kuitafuta upya.